Naomba ushauri: dawa ya tezi, chuma na kalsiamu mwezi wa Ramadhani

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mamangu, tuko naye hapa Lamu, anatumia levothairoksini ya tezi ya shingo. Sasa daktari amemwongezea vidonge vya chuma na kalsiamu. Mfamasia ametueleza kwamba madini haya hushikana na dawa ya tezi tumboni, ikawa haiingii mwilini sawasawa, kwa hiyo ziachane angalau saa 4. Tena dawa ya tezi yataka tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Chuma nacho hakipatani na kalsiamu wala chai, na mama bila chai ya maziwa hafuturu!

Siku za kawaida tunamudu. Ramadhani ndiyo inayonitia wasiwasi. Nimefikiria kalsiamu wakati wa futari, chuma akirudi tarawehe, tezi kabla ya daku. Lakini mama huamka daku dakika za mwisho, anywe maji, ale, adhana hiyo.

Wenye wagonjwa wa tezi, nyinyi mwapangaje? Kuna aliyeruhusiwa na daktari wake kuinywa usiku? Nataka niende kliniki na maswali yaliyonyooka kabla mwezi haujaandama.