Mishale ya dashibodi yadanganya, taa zafifia: Land Rover Series III, Malindi

Binti wa Ngomeni
Hamjambo jamani. Nina Land Rover Series III ya petroli aliyoniachia baba. Nabebea samaki na barafu, Ngomeni hadi Malindi mjini, karibu kila siku. Juzi ilinizimikia kabla ya daraja la Sabaki, jua la saa saba, mshale wa mafuta ukisema robo. Tangi kavu kabisa! Barafu iliyeyuka, samaki nikawauza bei ya kutupa. Iliniuma sana.

Mshale wa joto nao wakaribia nyekundu, ilhali maji hayachemki. Fundi mmoja alinibadilishia floti ya tangi, lile boya linalopima mafuta, akatoa na thamostati, ile valvu inayozuia maji ya injini hadi yapate moto, akisema huku Pwani haina kazi. Hakuna kilichobadilika. Nililoliona mwenyewe ni hili: nikikanyaga mafuta, mishale yote miwili yapanda pamoja. Usiku nikiwasha taa, yashuka pamoja, na taa zenyewe zawaka kama kibatari.

Dereva wa Garsen
Dada, altaneta, ile inayochaji betri, imechoka hiyo. Weka nyingine yaishe.

Binti wa Ngomeni
Nimepima, kaka. Betri gari likiwa limezimwa volti 12.6, injini ikinguruma 14.1. Chaji iko.

Fundi wa waya, Maweni
Mwanangu, usinunue kitu bado. Jibu umelitaja mwenyewe: mishale miwili, yapanda pamoja, yashuka pamoja. Floti ikiharibika huharibu mshale wa mafuta tu, wa joto haujui habari. Basi tafuta kile ambacho geji zote mbili zashirikiana.

Nyuma ya dashibodi kuna kidude cha bati, kidogo kama kiberiti, chenye alama B na I. Kazi yake ni kupokea volti za gari, zikiwa 12 au 14, na kuzipa geji wastani wa volti 10. Ndani mna kibati kinachopinda kikipata moto: kikipinda hukata umeme, kikipoa huunga, hivyo hivyo mfululizo. Lakini moto huo haupatikani bila ganda la kidude kugusa athi, yaani chuma cha gari kinachorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Athi ikipotea hakikati tena, volti zote zapita, na geji zote zasoma juu. Ndiyo robo yako ya uongo.

Chukua waya, unganisha ganda la kidude hicho na hasi ya betri. Ngoja dakika moja, mishale hiyo ni mizito. Ikishuka, umemshika mwizi.

Taa ni jambo la pili. Ziwashe injini ikinguruma, weka waya mweusi wa mita ya volti kwenye hasi ya betri na mwekundu kwenye chuma cha dashibodi ulichokwangua rangi. Ikizidi volti 0.2, umeme wapotelea njiani. Pima vivyo hivyo upande wa chanya, betri hadi sanduku la fyuzi. Gari linalopita mashamba ya chumvi ya Gongoni kila siku, mimi huanza na athi.

Na nakuomba sana: usiipe geji volti 12 moja kwa moja hadi athi. Itaungua.

Binti wa Ngomeni
Shikamoo mzee wangu. Mishale imeshuka mbele ya macho yangu! Skrubu ya kile kidude ilikuwa kutu tupu. Na kwenye dashibodi nilipata volti 1.7. Waya wa athi kutoka betri hadi fremu ulibaki nyuzi tatu nne, nyingine zote unga wa kijani. Nimefunga mpya, mnene, nimepiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza, ndipo nikapaka grisi. Sasa ni 0.06 na taa ni nyeupe.

Jana nilimaliza mafuta makusudi nyumbani, nikatia lita tano tano kwa mtungi huku nikiandika mshale ulipo. Sasa tupu ni tupu.

Ila joto lasoma chini mno, hata nikifika Mambrui. Ni ile thamostati?

Fundi wa waya, Maweni
Marahaba. Ndiyo hiyo, irudishe na gaskiti mpya. Bila thamostati injini haifiki joto lake, yala mafuta zaidi na kulika ndani. Joto la Pwani ni la nje, mwanangu. Injini yataka lake.