Krenki ya sproketi moja kupandia Newala? Wauza vipuri vya baiskeli Mtwara, mnatutesa!

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitazificha.

Nilipeleka baiskeli yangu ya gia kwenye duka moja la vipuri hapa Mtwara mjini, jina naliacha. Krenki, yaani mikono ya pedeli pamoja na sproketi, zile duara za meno za mbele zinazovuta cheni, ilikuwa imechoka, mkono wa kushoto unacheza na sproketi ya kati imechongoka meno kama papa. Nikamwambia fundi, muuzaji anasikia: nataka krenki ya sproketi tatu, ile ndogo iwe na meno 22 au 24, ya ekseli ya pembe nne kama iliyokuwemo. "Sawa kaka, hilo limeisha." Nikaenda benki.

Narudi nakuta wamefunga sproketi MOJA. Meno 38. Nyeusi, inang'aa. Kile chuma cha mbele kinachohamisha cheni wameshaking'oa na shifta ya kushoto, ile ya kubadilishia gia za mbele, haipo. Krenki yangu ya zamani nikaambiwa imeshaondoka na watu wa vyuma chakavu. Kuuliza, muuzaji ananijibu huku anahesabu chenji ya mteja mwingine: "Kaka hii ndiyo ya kisasa, Ulaya wote wameacha tatu."

Sasa tuzungumze hilo la kisasa, maana ndiyo kauli wanayoitumia kula pesa zetu.

Ni kweli baiskeli mpya nyingi za milimani zina sproketi moja mbele. SRAM, kampuni ya vipuri vya baiskeli, walitoa seti ya gia ya XX1 mwaka 2012, mbele moja, nyuma kaseti (rundo la sproketi za nyuma) ya gia 11 kuanzia meno 10 hadi 42. Mwaka 2016 wakaja na Eagle, nyuma inafika meno 50. Yaani walipoondoa sproketi ndogo ya mbele, waliongeza kubwa ya nyuma. Mlima ukija, mwendeshaji bado ana gia nyepesi. Na sproketi yenyewe ya mbele ina jino nene na jino jembamba kwa zamu, ili cheni isiruke.

Baiskeli zetu nyingi nyuma zina friwili ya kufunga kwa hesi, gia 7, sproketi kubwa kabisa ina meno 28. Mbele 22 na nyuma 28, kwa ringi ya inchi 26, ukizungusha pedeli mara moja unasogea kama mita 1.6. Mbele 38 na nyuma ile ile 28, unasogea kama mita 2.8. Msije mkasema nimeongezewa mwendo! Huo ni uzito ninaoubeba kwa magoti, kila mzunguko, na gunia la korosho liko kwenye keria. Anayetoka bonde la Ruvuma kurudi Newala juu anajua ninachosema. Anayekata mchanga wa vijiji vya Tandahimba kupeleka mzigo ghala la chama cha msingi anajua pia. Mchanga hauhitaji hata mlima, gia ikiwa nzito tairi inazama, unashuka na kusukuma. Wapo kina mama na vijana wanaobeba ndoo za maji kwa baiskeli kwenye uwanda ule. Nao mtawaambia habari za Ulaya?

Na hata hiyo moja hawakuifunga inavyotakiwa. Wameacha ekseli ile ile ndefu iliyotengenezwa kwa sproketi tatu, kwa hiyo hii moja imekaa nje mno. Nikiweka gia nyepesi ya nyuma cheni inapinda, inasaga, inaanguka. Gia ninayoihitaji kuliko zote ndiyo inayoniangusha!

Nilipolalamika wakanitolea ya pili, "basi chukua ya tatu hii". Geuzeni mtazame kwa nyuma: sproketi zote zimepigwa ribiti, 42, 34 na 24. Meno yanafaa, sikatai. Lakini ya kati ikiisha, nayo ndiyo huisha mwanzo kwa sababu tunashinda humo, huwezi kuibadilisha peke yake. Unatupa krenki nzima. Zipo za bolti nne, duara la bolti milimita 104 kwa sproketi mbili za nje na 64 kwa ile ndogo, hizo unafungua kwa ufunguo wa L, unabadilisha iliyoisha, maisha yanaendelea. Kwa mtu anayebeba mzigo hiyo ndiyo krenki. Kwa nini hamziagizi?

Krenki za ekseli nene ya bomba, milimita 24, ni nyepesi na imara, ila beringi zake zinakaa nje ya fremu na zina spana yake. Kabla ya kulipa uliza beringi zinauzwa hapo hapo au la. Urefu wa mkono, milimita 170 au 175, kwa wengi wetu usikuumize kichwa.

Kilichonimaliza kabisa ni nyundo. Mkono wa krenki wa aluminiamu, tundu la pembe nne, ekseli ya chuma. Unatakiwa uingie kwa kukaza nati kwa boksi spana ya 14, taratibu, ukazwe barabara, na ukazwe tena baada ya kuendesha kidogo. Wao walipiga nyundo, nati wakaizungusha kwa mkono tu. Mkono ukilegea, ekseli inakula tundu hadi pembe zinakuwa duara, na hapo hakuna dawa. Fundi akaniambia nijazie tundu kwa kipande cha bati la kopo la soda. Krenki mpya!

Wadau wa Mtwara, Masasi, Lindi hadi Nachingwea: nani anauza krenki ya bolti, sproketi tatu, ndogo 22? Tajeni na mahali, wengi tunatafuta.

Na wewe muuzaji, najua wasaidizi wako wamo humu. Krenki yako nimeing'oa, iko kwenye mfuko, haijaenda popote tangu siku ile. Nitaileta. Nataka pesa yangu yote, pamoja na ile shifta na kile chuma cha mbele mlichoking'oa bila kuniuliza.