Nyumba ya mnada Machomane, na mie nna milioni nne tu. Nishaurini

BabaSalma_Chake
Assalaam alaykum jamani. Wiki iliyopita nimepita Machomane, hapa Chake Chake Pemba, nikakuta tangazo limebandikwa ukutani: nyumba ya vyumba vitatu inanadiwa, mwenyewe kashindwa kulipa deni la benki. Dalali kanambia dau linaanzia milioni 40. Nyumba ile ukiijenga leo, sabini hazikutoshi. Sharti lao: robo papo hapo nyundo ikigonga, zilobaki ndani ya siku 14.

Mie nna milioni nne, mshahara wa ualimu, na mikarafuu michache ya urithi Mtambwe. Usiku naangalia video za Wamarekani wanaonunua nyumba kama hizi bila ya kutoa hata senti. Kwetu kuna njia hiyo? Mke wangu anataka kuuza dhahabu yake, mie sitaki.

Mpemba_wa_Ohio
Alaykum salaam kaka. Huku niko mwaka wa tisa, nikwambie wanachokificha. Bila ya senti ni mikopo kama wa VA, na huo ni wa waliotumikia jeshi lao. Wengine tunakwenda FHA, mkopo wa benki unaodhaminiwa na serikali yao: unatoa asilimia 3.5 kama alama zako za ukopaji zinafika 580, na lazima nyumba uikae mwenyewe. Tena hayo ni kwa nyumba ambayo benki ishaichukua ikawa yake, inaiuza taratibu kama auzavyo mtu yeyote. Kwenye mnada wenyewe hata huku wanataka pesa mkononi. Wenye video hawalisemi hilo, maana biashara yao si nyumba, ni semina.

BiMkubwa_Wete
Mwanangu, dhahabu ya mkeo iache ilipo. Mdogo wangu alishinda mnada, akatoa robo, akategemea mkopo wa benki nyengine umalize. Benki ikataka mthamini. Kisha hati. Kisha barua ya mwajiri. Kisha barua ile ile, yenye muhuri unaosomeka. Siku ya 14 ilimkuta dukani anapiga fotokopi. Robo yake ikaenda na maji, na nyumba kachukua mwengine.

MzeeBaraza
Nyote mnazungumza pesa. Mie nauliza hati. Ardhi yetu Zanzibar ni ya Serikali, unachouziwa ni haki ya matumizi, tangu sheria ya 1992. Nenda Kamisheni ya Ardhi uone jina lililomo. Kisha kwa sheha wa hapo mtaani, na uende peke yako, usiende na dalali. Ikiwa nyumba ya urithi na mrithi mmoja ndiye aliyeiweka rehani, wenzake watakupeleka mahakamani, na wewe utakuwa unalipia mawakili nyumba usiyoilala.

Na uani kuna nini? Kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Namjua mtu kanunua nyumba yenye mikarafuu sita nyuma. Msimu ulipofika kaamka asubuhi kakuta watu wako juu ya miti yake, kumbe si yake.

HesabuTupu
Mzee shikamoo, umesema kweli. Naongeza la pesa. Kama unaogopa riba, kuna murabaha: benki inanunua, inakuuzia kwa faida mnayokubaliana mwanzo. Ila nayo haimaliziki kwa siku 14, kwa hiyo usiinuwie mnada.

Njia mbili naziona. Mnada ukikosa mnunuzi, nenda kwa benki hiyo hiyo inayouza, uwaombe wakuuzie kwa makubaliano na wakukopeshe wao wenyewe. Nyumba wanayo, makaratasi wanayo, mthamini wao kashakwenda. Au, na hii naipenda zaidi, mtafute mwenye deni kabla ya mnada. Mwende benki pamoja, muuziane mbele yao, pesa ziingie kwenye deni na rehani ifutwe, kinachozidi achukue mwenyewe. Hapo hata aliyemo ndani anatoka kwa salama. Lakini kwa milioni nne hawatakusikiliza. Subiri karafuu.

BabaSalma_Chake
Ahsanteni sana. Jana alasiri nimekwenda kuiona. Chini ya tangazo mtu kaandika kwa mkaa NYUMBA HII HAIUZWI. Barazani kakaa bibi anapepeta mchele, kanikaribisha, nikavua viatu nikakaa. Kaniletea maji. Nikashindwa kusema lililonipeleka. Nikamuuliza njia ya kwenda Tibirinzi.

BiMkubwa_Wete
Wewe! Mzaliwa wa Chake huijui Tibirinzi?

Mpemba_wa_Ohio
😂😂 Kakuelekeza?

BabaSalma_Chake
Kanielekeza mpaka kona ya mwisho. Mnadani siendi, namtafuta mwanawe mwenye deni, inshaallah tuzungumze. Nilipokuwa navaa viatu kaniambia, "Mwanangu, leo wewe ni wa nne kupotea njia ya Tibirinzi."