Brighton: kwa nini kasri lenye kuba za Kihindi lipo kwenye pwani ya Uingereza?

Swali
Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni mtu wa Tanga. Juma lililopita nilitembezwa Brighton, kusini mwa Uingereza, nikakuta katikati ya mji jengo la kuba na minara ambalo nilidhani ni msikiti, kumbe lilikuwa kasri la mfalme. Ufukweni hakuna mchanga, ni kokoto tupu zinazoumiza nyayo. Mji huu ulipataje sifa ya mapumziko?

Jibu la kwanza
Marahaba. Hapo zamani palikuwa kijiji cha wavuvi kilichoitwa Brighthelmstone. Katika miaka ya 1750 tabibu Richard Russell alieneza imani kwamba maji ya bahari, ya kuoga na hata ya kunywa, yanatibu maradhi, na wenye mali wakaanza kumiminika. Mwaka 1783 alikuja mwana wa mfalme, ambaye baadaye alitawala kwa jina la George IV, akapapenda. Nyumba yake ya awali ndiyo aliyoigeuza msanifu John Nash, kuanzia 1815, ikawa kasri hilo, nje Kihindi, ndani Kichina. Watu wa kawaida waliletwa na reli ya London, iliyofika 1841. Malkia Victoria hakupapenda, na mwaka 1850 kasri likauzwa kwa mji.

Jibu la pili
Ndugu wa Tanga, naomba nikuongezee jambo linalokugusa. Kuanzia mwishoni mwa 1914 kasri hilo lilikuwa hospitali ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa Ufaransa na Ubelgiji. Wenzao ndio walioshuka Tanga kupigana na Wajerumani Novemba mwaka huohuo. Yaliwekwa majiko tisa ili kila dini ipikiwe kwa taratibu zake, na hata mabomba ya maji ya Waislamu na ya Wahindu yalitengwa. Wahindu na Masingasinga waliofariki walichomwa kwenye vilima vilivyo juu ya mji, ambako mnara wao wa marumaru nyeupe, uitwao Chattri, ulizinduliwa 1921. Kwangu mimi, aliyeona kasri bila kufika huko ameona nusu tu.

Jibu la tatu
Tusiyasahau magati ya matembezi. Lile la magharibi, kazi ya mhandisi Eugenius Birch, lilifunguliwa 1866, likafungwa 1975, likaungua 2003. Leo limebaki gofu la vyuma vyenye kutu katikati ya maji, na jioni za baridi makundi makubwa ya ndege huzunguka juu yake kabla ya kulala.