Mjadala: Je, Uingereza Ilitunyang'anya Chris Froome?

Ndugu wasomaji, ubishi kuhusu mwendesha baiskeli Chris Froome hauishi. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akaiwakilisha Kenya ujanani, akachukua leseni ya mashindano ya Uingereza mwaka 2008, kisha akatwaa Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Baadhi yetu Wakenya husema tulinyang'anywa bingwa. Wengine humwita msaliti. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinalilia ushindi usiokuwa wa taifa lolote, kwa kuwa Tour hushindaniwa na timu za kibiashara, na Froome aliishinda akiwa na jezi ya timu ya Sky, huku akikingwa upepo na kuongozwa milimani na wenzake wa mataifa mbalimbali waliolipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Bendera huhesabiwa katika Olimpiki na mashindano ya dunia. Tulichopoteza hasa, basi, ni medali za shaba alizoipatia Uingereza katika mbio za kushindana na saa: mbili za Olimpiki, London 2012 na Rio 2016, na moja ya mashindano ya dunia, Bergen 2017.

Je, kosa lilikuwa lake? Mwaka 2006 alishiriki mashindano ya dunia ya vijana huko Salzburg baada ya kujisajili mwenyewe, kwa kutumia barua pepe ya kiongozi wa shirikisho letu la baiskeli, kama alivyokuja kusimulia. Alikwenda peke yake, na muda mfupi baada ya kuanza alimgonga ofisa barabarani, wote wawili wakaanguka. Siutetei udanganyifu huo, lakini ni shirikisho la namna gani ambalo kijana mwenye kipaji hulazimika kujifanya kiongozi wake ili aiwakilishe nchi?

Anayestahili kujivuna ni David Kinjah wa Kikuyu, aliyempokea akiwa mvulana na kumfundisha mchezo huu, hata mwaka huohuo wa 2006 wakavaa pamoja jezi ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne.

Hoja inayonisumbua ni ya Eritrea. Biniam Girmay aliajiriwa na timu za Ulaya, akashinda hatua tatu za Tour ya 2024 pamoja na jezi ya kijani ya kinara wa pointi, na bado bendera yake ni ya Eritrea. Ni kweli kwamba Froome alikuwa na haki ya uraia wa Uingereza kupitia familia yake. Naomba maoni yenu: je, shirikisho lingemtendea vyema, angebaki, au uraia huo ungemvuta tu?