Umeme wote umekatika ghafla pikipiki ikitembea: fyuzi nzima, betri inasoma volti 12.6. Nianzie wapi?

BintiKabureta:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, na nitaeleza kila nilichokiona.

Pikipiki ni ya 1983, silinda mbili, kabureta mbili, volti 12, hasi imefungwa kwenye fremu. Fyuzi kuu ni moja tu, ya kioo, ampea 20. Nilikuwa gia ya nne, taa kubwa inawaka, mara kila kitu kikafa kwa pamoja: injini, taa ya mbele, ya nyuma, za dashibodi. Haikukohoa wala haikupungua nguvu kwanza. Nyuma yangu kulikuwa na lori, na sikuwa na hata indiketa ya kumwonyesha dereva kwamba naingia pembeni. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Pikipiki ikigoma kuwaka kabla sijatoka, nitavumilia. Kuzimika gizani huku taa ya nyuma imekufa ni suala la uhai.

Niliposimama nikazima ufunguo, nikauwasha tena. Taa ya nyutro ikawaka vizuri. Nikabonyeza stata, ikasema "tik", giza. Nikasubiri kidogo, taa ya nyutro ikarudi yenyewe. Nikabonyeza, giza tena.

Nimetoa fyuzi, waya wake wa ndani mzima. Betri ina mwaka mmoja, mita inasoma 12.6. Kila ninayemuuliza ana kifaa chake cha kuninunulisha: betri, rejuleta (kidhibiti cha chaji), CDI (kifaa kinachotoa cheche ya plagi). Sitaki kununua kwa kubahatisha. Ninyi huwa mnaanzia wapi?

RodiNdefu:
Pole sana dada. Usiiache betri kwa sababu tu imesoma 12.6. Kiungo cha sahani kikikatika ndani, betri husoma vizuri ikiwa haina kazi, ukiipa mzigo inaanguka mpaka karibu na sifuri. Mimi ilinipata, dalili zilikuwa hizi hizi.

Mzee_Plagi:
Mwanangu, umeeleza vizuri, na jibu karibu lote limo katika maelezo yako. Taa ya nyutro inawaka, ukibonyeza stata kila kitu kinakufa. Balbu ya nyutro inakula umeme kidogo mno. Koili ya rilei ya stata, ile swichi ya umeme inayoipelekea stata umeme mkubwa, inataka ampea kadhaa. Kwa hiyo mahali fulani njia ya umeme imebaki nyembamba. Ni kamba iliyobakiwa na uzi mmoja: itaning'iniza shati, ndoo ya maji haiinui. Ndiyo maana mita inakudanganya. Mita haivuti umeme wa maana, hata uzi huo mmoja unatosha kuionyesha 12.6.

Rejuleta na CDI ziweke kando kwa sasa. CDI ikifa, injini inazima lakini taa zinabaki. Rejuleta ikiacha kuchaji, taa hufifia taratibu kadiri betri inavyoisha. Kukata vyote kwa mpigo mmoja ni kazi ya vitu vichache sana: betri yenyewe, nyaya zake nene, fyuzi kuu na nyumba yake, swichi ya ufunguo, na soketi zilizo kati ya hivyo.

Sasa fanya hivi. Weka mita kwenye nguzo za betri, kwenye risasi yenyewe, usishike vichwa vya waya. Washa ufunguo, bonyeza stata mpaka giza liingie, huku unasoma. Namba ikianguka, RodiNdefu amepatia. Ikibaki juu ya 12 na bado ni giza, betri haina kosa, umeme unakwama njiani.

Kisha hakikisha gia iko nyutro, na hapo jirani pasiwe na petroli iliyomwagika. Unganisha nguzo mbili nene za rilei ya stata kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Cheche itaruka, ni kawaida. Kwenye pikipiki nyingi njia hiyo haipiti fyuzi kuu wala swichi. Stata ikizunguka kwa nguvu, waya mnene wa chanya na ule wa hasi unaokwenda kwenye injini vyote vizima.

Halafu mita iweke chini. Chukua balbu ya indiketa, ya wati 21, iungie nyaya mbili. Mmoja ufunge kwenye hasi ya betri, mwingine uguse nao hatua kwa hatua: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, inapoingia swichi ya ufunguo, inapotoka. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 2, haidanganyiki. Inapofifia, umefika.

Wenye pikipiki za zamani za Uingereza mtakaosoma hapa: nyingi zimefungwa chanya kwenye fremu, kwa hiyo kagueni kabla ya kufuata maneno yangu.

BintiKabureta:
Shikamoo mzee, na asante sana. Nimefanya yote.

Kwenye nguzo za betri: 12.5, giza likiwa limeingia. Stata kwa bisibisi imezungusha injini kwa nguvu zote. Balbu kabla ya fyuzi inawaka kali. Baada ya fyuzi inawaka kama njano ya yai, na nikiwasha taa kubwa inazimika kabisa.

Nimeifungua nyumba ya fyuzi. Kibanio cha upande mmoja kimekuwa cha kahawia na hakibani tena, fyuzi inacheza ndani. Plastiki imeyeyuka pembeni. Waya unaotokea hapo umekauka kama kijiti. Nimekwangua ganda lake, shaba ndani ni nyeusi. Na mimi nilikuwa naitazama fyuzi tu!

Mzee_Plagi:
Marahaba. Ndipo hapo. Kibanio kikilegea kinazuia umeme, kizuizi kinazalisha joto, joto linalegeza kibanio zaidi. Fyuzi haiungui kwa sababu umeme unaopita haujazidi ampea 20.

Usikibane kwa koleo ukaondoka, chuma hicho kimeshapoteza nguvu yake. Weka nyumba mpya ya fyuzi bapa. Kata waya mpaka ukute shaba inayong'aa, unganisha kwa kubana na kifaa chake, usisokote na kufunga utepe. Waya usiwe mwembamba kuliko wa awali. Na fyuzi ibaki 20. Anayekwambia weka 30 "ili isisumbue" anataka waya ndio uwe fyuzi.

ChajiKamili:
Samahani kwa kuingilia. Dada, balbu ya taa kubwa ni ya wati ngapi? Joto hilo lina chanzo.

BintiKabureta:
Nimeitoa nikasoma: wati 100. Nimeikuta na pikipiki, mwenye nayo wa kwanza ndiye aliyeifunga.

ChajiKamili:
Basi. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5. Wati 100 ni zaidi ya 8, muda wote unaoendesha usiku, juu ya plagi, balbu nyingine na chaji ya betri. Vibanio vya zaidi ya miaka 40 haviwezi. Rudisha ya 60/55, yaani wati 60 mwanga mkubwa na 55 mwanga mdogo. Ukimaliza, pima chaji injini ikiwa kwenye mizunguko kama 4,000: kati ya 13.8 na 14.5 ni salama.

BintiKabureta:
Nyumba mpya imekaa, fyuzi 20, balbu 60/55. Chaji 14.2. Nimeweka ncha za mita pande mbili za nyumba ya fyuzi, taa kubwa ikiwaka: volti 0.04 tu ndizo zinazopotea hapo. Imewaka kwa mguso wa kwanza, na taa ya nyuma nimeitazama mpaka macho yakaniuma.

Nikaendelea kupima hivyo hivyo mbele. Kwenye swichi ya ufunguo, waya unaoingia na unaotoka, nimepata 0.6. Ni sawa?

Mzee_Plagi:
Hapana, ni nyingi. Ningependa chini ya 0.2. Fungua soketi ya swichi kwanza kabla ya kulaumu swichi yenyewe, tafuta pini iliyobadilika rangi. Na ukiwa hapo pindisha usukani kushoto na kulia huku mita ikisoma, nyaya zinazopita shingoni hukatika ndani ya ganda na kwa nje huoni kitu. Usisafiri nayo usiku mpaka namba hiyo ishuke.