Buibui wakubwa katika nyumba ya zamani Mikindani: niwaache au niwaondoe?

Mgeni wa Mikindani:

Nawasalimu nyote. Nilihamia Mikindani mwishoni mwa mwaka jana kwa sababu za kikazi, nikapanga nyumba ya zamani yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti zilizo wazi juu ya vichwa vyetu, na ua mdogo wa nyuma ambamo mwenye nyumba amerundika makumbi ya nazi, kuni na mabati yaliyong'olewa. Ndani kuna ubaridi hata mchana wa jua kali, na nimeipenda nyumba hii, ila hatuishi humo peke yetu. Kila jioni tunapowasha taa hutokea buibui wa kahawia, bapa, wenye upana wa karibu kiganja changu miguu ikitandazwa, ambao hawatandi utando wowote bali huganda ukutani na, ukiwasogelea, hukimbia upandeupande kwa kasi ya kutisha. Kwenye pembe za dari wapo wengine wenye miguu mirefu myembamba kama nyuzi, ambao hujitikisa ovyo mtu akigusa utando wao. Tangu mvua zianze nimeua tandu wawili bafuni, majongoo wanapita mlango wa nyuma kana kwamba wamealikwa, na juzi mke wangu alikuta nge chini ya ndoo ya kufulia.

Tuna mtoto wa miaka miwili ambaye hakuna kitu asichokishika. Jirani yetu, mama mtu mzima, ametukataza kabisa kuua buibui, na hakutoa sababu zaidi ya kusema kwamba hao hawana ubaya. Kijana anayetusaidia kazi za uani anasema kwamba kwao Tandahimba jambo kama hili humalizwa kwa siku moja kwa kunyunyiza mabaki ya dawa ya mikorosho, na yuko tayari kuniletea chupa. Kabla sijaamua, naomba wenyeji mnieleze ni yupi kati ya wadudu hawa anayestahili kuogopwa kweli, ni yupi wa kuvumiliwa, na kama dawa hiyo inafaa kutumiwa mahali watu wanapolala.

Bi Mkubwa wa Lindi:

Mwanangu, karibu Kusini. Jirani yako hakukueleza kwa kuwa kwake jambo hilo halina haja ya kuelezwa. Sisi tuliolelewa pwani tulisimuliwa tukiwa wadogo habari za buibui aliyetanda utando kwenye mlango wa pango alimojificha Mtume, rehema na amani zimshukie, pamoja na Abubakar, maadui wakafika, wakaona utando mzima, wakaenda zao. Wanazuoni wametofautiana juu ya nguvu ya mapokezi ya kisa hicho, nami si mwanachuoni, lakini heshima ya kiumbe huyo ilibaki majumbani mwetu. Katika Kurani ipo sura nzima, ya 29, yenye jina lake, ingawa humo nyumba yake ndiyo inayotajwa kuwa dhaifu kuliko nyumba zote. Marehemu mama yangu alikuwa akiondoa utando kila Alhamisi kwa ufagio wa chelewa aliofunga kwenye mti mrefu, na mwenye utando alimwacha ateremke ajiendee zake, kisha wiki iliyofuata wakaanza upya wote wawili.

Maskini mjusi wa nyumbani hakuipata bahati hiyo. Hata jina tulilompa, mjusi kafiri, linamhukumu kabla hajafanya lolote, na wapo wanaomuua kwa kufuata hadithi iliyopokewa juu yake. Hilo sitaliingia. Nasema tu kwamba nimemwona mmoja juu ya taa ya barazani kwangu, usiku wa kwanza wa mvua, akimeza kumbikumbi hadi tumbo likabadilika umbo.

Majongoo msiwaogope, kwa kuwa hawaumi. Mtoto asiwaponde tu, wala asiwachezee kisha akapikicha macho, maana wakibughudhiwa hutoa majimaji yanayowasha na kuacha doa la kahawia kwenye ngozi. Ukitaka neno la mwanamke aliyefagia ua miaka hamsini, basi anza na hayo makumbi. Nge hakuja kwa ajili ya ndoo.

Mkulima wa Newala:

Ndugu, nakusihi umkataze kijana huyo kuleta chupa, na nakwambia hivyo kwa sababu niliwahi kufanya kosa lilelile. Watu huzungumzia dawa ya mikorosho kana kwamba ni kitu kimoja, wakati sivyo. Salfa ya unga ni ya kuzuia ubwiri unga, ambao ni ugonjwa wa ukungu, na ukiimwaga chumbani huleta muwasho wa macho na kifua huku buibui akikutazama. Zile za maji zinazopigwa kwa ajili ya mbu wa mikorosho, yaani mdudu anayefyonza machipukizi ya mkorosho, ndizo sumu za wadudu, nazo zimepimwa kwa matumizi ya shambani penye upepo, kwa mtu aliyevaa barakoa, glavu na buti, wala hazikukusudiwa chumba chenye mkeka ambao mtoto atautambalia asubuhi. Tena mabaki hayo mara nyingi huwa yamehamishiwa katika chupa ya maji ya kunywa, bila lebo, kiasi kwamba hata anayekuletea hajui ni nini wala ichanganywe kwa kipimo gani.

Mimi nilipulizia stoo iliyo kando ya jiko. Mama yangu alikohoa na kutokwa machozi usiku kucha, na kuku sita walikufa baada ya kudonoa mende waliokuwa wakigaagaa uani. Buibui walikufa wote, nikajisifu. Haikupita muda mende walirudi, na safari hii walikuwa wengi kuliko mwanzo, kwa kuwa mende huzaana haraka na wale waliokuwa wakiwala hawakuwapo tena.

Afisa Afya Mstaafu:

Nimefanya kazi ya afya ya mazingira katika wilaya za mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo, na nitatumia maneno machache kwa wale ambao hawastahili hofu yako.

Buibui bapa wa ukutani ni mwindaji wa usiku. Ukiona ukutani kiduara cheupe kilichobanduka kidogo pembeni, mfano wa sarafu iliyokatwa kwa karatasi, huo ni mfuko wa mayai yake, na mama huwa hayuko mbali. Karibu buibui wote duniani wana sumu, lakini ni sumu ya kumlaza mdudu, na walio wengi meno yao hayana nguvu ya kumdhuru binadamu. Wale wa miguu kama nyuzi hawana madhara yoyote. Vidonda vingi nilivyoonyeshwa kazini na watu walioamini kwamba waliumwa na buibui usingizini vilikuwa majipu, au malengelenge ya yule mdudu mwekundu na mweusi ambaye tumezoea kumwita nzi wa Nairobi, ingawa si nzi bali ni jamii ya mbawakawa. Huyo haumi hata kidogo. Anakuunguza pale unapomponda juu ya ngozi, kwa hiyo akikutua mpulize aondoke, na kama umeshamponda, nawa kwa maji na sabuni mara moja, wala usiguse macho.

Yupo buibui mmoja ambaye ningependa umtafute kwa tochi. Ni mdogo, tumbo lake ni duara kama punje ya choroko iliyonenepa, miguu ina pingili za rangi mbilimbili, na chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa yenye umbo la vipembetatu viwili vilivyogusana ncha. Wataalamu humwita *Latrodectus geometricus*. Utamtambua kwa urahisi zaidi kwa mifuko yake ya mayai, ambayo ni vigololi vilivyojaa vimiba pande zote. Hupenda chini ya viti vya plastiki, chini ya matangi ya maji na kwenye vyungu vya maua. Ni mwoga na huuma akibanwa tu, maumivu yake ni makali ila ni nadra kuhatarisha maisha. Lakini mahali penye mtoto mdogo, mwondoe pamoja na mifuko yake.

Kuhusu faida zao, nitataja jambo moja ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, kuna buibui mrukaji mdogo sana, *Evarcha culicivora*, ambaye huchagua kula mbu jike aliyekwisha kunywa damu, na hupendelea hasa jamii ya mbu waenezao malaria. Watafiti walilieleza jambo hilo mwaka 2005. Wa kwetu hawana uchaguzi kiasi hicho, lakini mende, nzi na nondo wanawatosha.

Sasa nije kwa nge. Kanuni ya kukisia, ambayo si sheria isiyovunjika, ni kwamba nge mwenye koleo nene na mkia mwembamba hana sumu kali, na mwenye koleo nyembamba na mkia mnene ndiye wa kuogopwa. Akimchoma mtu mzima, osheni jeraha kwa sabuni, wekeni kitambaa chenye maji baridi, mpeni dawa ya kawaida ya maumivu, na mvueni pete kama kidole ndicho kilichochomwa. Msichanje, msifyonze, msifunge kamba, na jiwe jeusi la kubandika halifanyi kazi yoyote zaidi ya kupoteza muda. Akichomwa mtoto wa miaka miwili msingoje dalili. Mpelekeni kituo cha afya usiku huohuo. Na kama unataka kujua una nge wangapi uani, azima ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, toka nayo gizani, uone wanavyong'aa kijani. Ni jambo la kweli kabisa, na vijana wako hawatalisahau.

Tandu huuma kwa uchungu mkubwa, na hupenda unyevu. Weka wavu mgumu kwenye tundu la maji la bafuni na mengi yatakuwa yamekwisha.

Hukuuliza habari za papasi, aina ya kupe wa majumbani, nami ndiye ninayemhofia zaidi katika nyumba zenye kuta zilizopasuka na sakafu ya udongo. Hukaa ndani ya nyufa mchana, hutoka usiku na kunyonya damu bila aliyelala kuhisi kitu, kisha hurudi mafichoni, na anaweza kukaa miaka bila kula. Hueneza homa inayopanda kwa siku chache, ikakoma, ikarudi tena, ambayo wengi huidhania malaria isiyosikia dawa. Mkipata homa ya namna hiyo, mwelezeni mhudumu wa afya juu ya nyumba mnayoishi, ili anayepima damu ajue cha kutafuta kwenye darubini. Ziba nyufa kwa chokaa na saruji, sogeza vitanda mbali na ukuta, na chomekeni chandarua chini ya godoro. Chandarua hicho kitawazuia pia nge na tandu.

Mama Wawili, Shangani:

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini nadhani hakuna aliyemjibu mtu mwenye hofu kama yangu. Mimi najua kwamba buibui hanidhuru, na bado siwezi kuoga akiwa bafuni. Kwa walio kama mimi, njia niliyoizoea ni bilauri ya kioo na kipande cha jalada gumu la daftari. Mfunike kwa bilauri taratibu, pitisha jalada baina ya bilauri na ukuta, kisha mtoe nje hadi kwenye mti. Mume wangu alikuwa akinicheka, na siku hizi ndiye anayeshika bilauri.

Vilevile tulibadilisha taa nyeupe ya barazani tukaweka ya njano, kwa sababu wadudu wengi huvutwa na mwanga mweupe, na buibui huwafuata. Kumbikumbi wakianza kutoka tunazima kila kitu na kuweka taa moja tu mbali uani juu ya beseni la maji, na asubuhi watoto hugombea kuwaokota kwa ajili ya kikaango.

Mgeni wa Mikindani:

Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsanteni wote. Nimechelewa kurudi kwa kuwa nilitaka kwanza kufanya mliyoniambia. Chupa nimeikataa, na kijana, baada ya kusomewa habari za kuku sita, alikiri kwamba hata yeye hakujua chupa ile ilikuwa na nini.

Tumetumia siku nzima kuondoa makumbi na mabati, tukivaa buti na kugeuza kila kitu kwa fimbo kabla ya kukishika. Tuliwakuta nge wanne, watatu wa mikia minene. Chini ya tangi la maji nilikuta vigololi viwili vyenye vimiba, kama alivyoeleza Afisa, na mwenyewe akiwa amejikunja pembeni. Hao nimewaondoa bila majadiliano, jirani yangu anisamehe. Kuni tumezipandisha juu ya kichanja, na fundi anakuja Jumamosi kuziba nyufa za chumba cha kulala. Nimejadiliana na mwenye nyumba juu ya gharama, naye amekubali kutoa chokaa, mimi nitoe saruji na ujira.

Buibui bapa tumewaacha. Yule mkubwa wa juu ya mlango wa jikoni tumemzoea kiasi kwamba mke wangu humtafuta kwa macho kabla ya kuzima taa, na leo alfajiri, sakafuni chini yake, nimefagia mabawa ya mende mawili na mguu mmoja.

Nina swali moja lililobaki kwa Afisa. Boriti zimetobolewa vitundu vidogo vinavyomwaga unga laini kama wa muhogo juu ya chandarua. Je, hao ni mchwa, au ni mdudu mwingine, na boriti ikifikia hali hiyo bado inaweza kuaminiwa kubeba paa?